Vanila ya Nyuma ya Jiko

Mimea tuliyoizoea katika kibanja cha Kihaya haimdai mtu mengi ikisha kupandwa. Mgomba hupenda majani ya kufunika shina lake na samadi ya ng'ombe, lakini hata ukinyimwa vyote viwili huzaa chochote, na kabla haujaanguka huacha wana kando yake. Mbuni huishi miaka makumi; ukipogolewa huzaa sana, ukisahauliwa huzaa kidogo. Muhogo hukua hata mwenyewe akiwa safarini. Lakini umo mmea mmoja, mgeni wa juzi kati yetu, ambao mtu aweza kuupanda vema, akaupalilia, akaufunika majani, nao ukatambaa kwa afya mpaka ukapita paa la nyumba, ukatoa maua mengi, na usimpe tunda hata moja. Jina lake ni vanila. Nataka kueleza habari za mmea huu kama nizijuavyo, si kwa kitabu tu bali kwa kidole gumba, na katika kuzieleza sitaweza kuepuka kueleza kosa langu mwenyewe, maana habari hizi mbili zimesokotana.

Kwa ajili ya msomaji asiyepata kufika Bukoba wala Muleba, yafaa kwanza niseme kibanja ni nini. Ni shamba lizungukalo nyumba. Ndani yake, chini ya migomba, mna mibuni, maharage, viazi vikuu na miti ya matunda. Nje ya vibanja ni rweya, yaani mbuga ya nyasi, ambayo udongo wake ni dhaifu kwa sababu mvua ya ziwa, ifikayo kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka katika mji wa Bukoba, huuosha na kuichukua rutuba yake. Mgeni apitaye njia ya Kemondo kwenda Muhutwe huona kijani kizito cha migomba hapa na nyasi nyembamba pale, akadhani Mungu aligawa udongo kwa upendeleo. Sivyo. Tofauti kubwa ni nyasi zilizobebwa vichwani kutoka rweya, kizazi baada ya kizazi, zikatandazwa chini ya migomba pamoja na samadi. Kibanja hakikuumbwa, kilitengenezwa. Kwa hiyo kukata mti katika kibanja si jambo dogo, na mbuni hasa, kwa sababu kahawa ni mkongwe kati yetu. Wahaya waliichemsha, wakaitafuna, wakamkaribisha mgeni kwayo, kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Bukoba mwaka 1890, na kabla mtu yeyote hajafikiri kuipakia melini.

Baba yangu alikuwa na kibanja upande wa Muhutwe, katika wilaya ya Muleba. Mwaka 2000 rafiki yake mmoja alimpa vipande kumi na viwili vya vanila, kila kimoja kiasi cha mita moja. Alivipanda chini ya miti ya mbono, ile tuiitayo mbono kaburi, ambayo hukua upesi na kuvumilia kukatwa. Majirani walimwonya kuwa nyoka yule wa kijani ataikausha miti yake. Walikosa. Vanila haimnyonyi mwenyeji wake. Katika kila fundo la shina hutoa mzizi mdogo mweupe, nao huushika mti kama mtoto ashikavyo nguo ya mama yake sokoni, asipotee tu. Chakula chake huchukua katika majani yaliyooza chini, kwa mizizi iliyo juu juu kabisa, na ndiyo sababu mtu hakubaliwi kupitisha jembe karibu na shina lake. Hupenda kivuli cha nusu na jua la nusu. Katika mambo haya yote ungedhani kibanja kilitengenezwa kwa ajili yake: kivuli cha migomba kipo, matandazo yapo, na mvua haina upungufu.

Tabia yake ya ajabu ni hii. Ukiuacha upande utakavyo, hupanda na kupanda, wala hauchanui. Sharti ushushwe. Mtu huufikia ukiwa umemzidi kimo, akaubandua taratibu katika mti, akaupitisha juu ya panda la tawi na kuuelekeza chini, kisha akauruhusu kupanda tena. Na pale ulipokunjwa ndipo vishada vya maua hutokea baadaye. Nikiwa kijana nilimtazama baba akifanya hivyo nikaona ni uonevu. Sasa nimefundisha chuoni miaka kadha wa kadha, nami nimewaona wenzangu kadhaa, na mimi mmoja wao, ambao kushushwa kidogo kungetufaa sana. Lakini hayo tuyaache.

Vanila ya baba ilichanua mara ya kwanza katika mwaka wa tatu, kama ilivyo desturi yake, na mwaka 2003 aliuza Bukoba mavuno yake ya kwanza yakiwa mabichi. Nilikuwa wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu. Kilo zilikuwa chache, lakini fedha alizopata zilitosha kuliezeka jiko kwa mabati, kulipa deni la dukani, na kunitunza mimi mwaka mzima. Sababu ya neema hiyo ilikuwa msiba wa wengine. Bukini, au Madagaska kama tusemavyo leo, ndiyo itoayo sehemu kubwa ya vanila ya ulimwengu. Mwaka 2000 kimbunga kilichoitwa Hudah kiliyapiga mashamba yake, vanila ikaadimika, na kufikia mwaka 2003 kilo moja ya vanila kavu ilikaribia dola 500 katika soko la dunia.

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Katika maktaba nilisoma gazeti lililoeleza bei hiyo, nikafanya hesabu pembezoni mwa daftari, nikamwandikia baba barua ya kurasa mbili. Niliiandika kwa Kiswahili safi, kwa hoja zilizopangwa moja baada ya nyingine, kama nilivyofundishwa. Nilimwambia kuwa kilo ya kahawa haifikii hata chembe ya bei ya vanila. Kwamba mibuni iliyo upande wa chini wa kibanja ni mizee. Kwamba mtu mwenye busara hufuata soko. Na kwamba aing'oe, apande mbono na vanila mahali pake. Baba hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne. Barua kutoka chuo kikuu kwake ilikuwa kitu cha kusomwa nyumba nzima ikiwa imenyamaza. Alitii.

Jambo ambalo barua yangu haikulisema, kwa sababu aliyeiandika hakulifikiri, ni kuwa bei ni ya leo na mmea ni wa miaka mitatu. Si baba peke yake aliyepata barua ya namna ile, iwe kwa posta au kwa mdomo. Uganda, India, Indonesia na kwetu Kagera watu walipanda kwa wakati mmoja, na viwanda vya ng'ambo vilivyochoshwa na bei vikageukia zaidi harufu ya kutengenezwa, ambayo wataalamu wa kemia wa Ujerumani walijua kuifanya tangu mwaka 1874. Kufikia mwaka 2005 ile kilo ya dola 500 ilikuwa imeshuka chini ya dola 50. Vanila yetu mpya ilichanua kwa wingi baada ya hapo, maua mazuri kweli kweli, na mnunuzi aliyekuwa ameahidi kuja hakuja. Baba alisubiri na vanila mbichi ndani ya nyumba mpaka ikaota ukungu. Na katika mwaka 2006 mnyauko wa migomba, ule uletwao na bakteria, ambao hugeuza majani kuwa ya njano na kuoza ndizi ndani ya ganda lake, ulionekana kwa mara ya kwanza Tanzania, na mahali ulipoonekana ni wilaya ile ile ya Muleba. Hauna dawa ila kung'oa na kufukia. Basi tukawa na kibanja kisicho na kahawa upande wa chini, kinachong'olewa migomba upande wa juu, na katikati mna mtambazi usio na mnunuzi.

Siku moja baba alichukua panga akaukata wote. Sikuwapo. Mama alinieleza miaka mingi baadaye kuwa hakusema neno, wala hakuonyesha hasira. Alikata kama mtu apunguzaye majani ya mgomba, kisha akanawa mikono, akaketi kula. Mama naye, baba alipokwenda kulala, alitoka na taa, akaokota kipande kimoja cha mita moja, akakiegemeza kwenye mbono ulio nyuma ya jiko. Nilipomwuliza kwa nini, alisema kuwa kitu kilichokwisha kuijua nyumba hakitupwi chote.

Baba alifariki mwaka 2012. Tulipopanga karatasi zake tulizikuta stakabadhi za chama cha ushirika za miaka ya kahawa, kadi ya kliniki, risiti za michango ya kanisa, na barua yangu. Alikuwa ameikunja mara nne. Nyuma ya ukurasa wa pili aliandika kwa kalamu ya risasi: mibuni 84. Hapakuwa na neno jingine.

Nimesema kuwa vanila hutoa maua na isizae. Sasa nieleze sababu. Ua la vanila lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike, zote mbili ndani ya nyumba moja, zimekaribiana kuliko ndugu walalao kitanda kimoja. Lakini kati yao pana kijipazia chembamba cha nyama kisichoziruhusu kukutana. Mmea huu asili yake ni Meksiko na nchi zilizo jirani yake, na huko kuna nyuki wawezao kulipita pazia hilo, ingawa wataalamu bado wanabishana ni nyuki yupi hasa. Walipouhamisha mmea, nyuki hawakuuhamisha. Kwa hiyo kwa miaka mingi vanila ilikaa katika bustani za Ulaya na visiwa vya Bahari ya Hindi ikiwa pambo tu. Mwaka 1836 profesa mmoja wa Liège, Charles Morren, aliyapata matunda kwa kulisaidia ua kwa mkono. Walakini njia inayotumika leo ulimwenguni kote, na nyuma ya jiko la mama yangu, si ya profesa. Mwaka 1841, katika kisiwa kiitwacho sasa Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond, ambaye baadaye aliongezewa jina la Albius, alilishika ua, akaliinua pazia kwa kijiti, akabonyeza kwa kidole gumba. Kazi ya kufumba na kufumbua. Kisiwa kikatajirika, na baada ya kisiwa Bukini. Yeye alipata uhuru wake mwaka 1848 watumwa wote walipoachwa huru, akafa maskini mwaka 1880. Ninapowasomesha wanafunzi wangu juu ya nani hupewa jina la mgunduzi, huanza na mtoto huyu.

Kiswahili cha vitabu huiita kazi hiyo uchavushaji, kwa kuwa unga wa ua ni chavua. Ni neno zuri, nami nimelitetea katika vikao. Mama yangu hajapata kulisikia. Akizungumza Kiswahili na vibarua husema kuoza maua. "Leo tumeoza arobaini," husema, kama mtu aliyetoka harusini. Nilimweleza siku moja, kwa ile kiburi ya mwalimu anayedhani amegundua kitu, kuwa neno hilo lina maana mbili: ya kwanza ni kumtoa binti aolewe, na ya pili ni kuharibika. Akanitazama. "Mwanangu," akasema, "ua lisiloozwa kabla ya adhuhuri litaoza kabla ya jioni. Hayo mambo mawili yako wapi?" Nimepata kusoma tangu hapo kuwa hata katika Réunion wanawake wafanyao kazi hiyo huitwa kwa Kifaransa jina lenye maana ya waozeshaji. Mama hakustaajabu nilipomwambia.

Na kweli ni kabla ya adhuhuri. Kila ua hufunguka asubuhi moja tu. Kishada huweza kuwa na maua kumi na tano, ishirini au zaidi, lakini hayafunguki pamoja. Leo moja, kesho mawili, keshokutwa moja. Msimu mkubwa kwetu huja mvua zinapoanza baada ya kiangazi cha Juni hadi Agosti, na huendelea majuma mengi, na katika majuma hayo sharti mtu apite kila asubuhi, awe mgonjwa au mzima, pawe na msiba au hapana. Hapana mmea mwingine niujuao ambao hauwezi kudanganywa kwa fedha ya kibarua wa siku moja. Mtu aliye mbali aweza kutuma mbolea. Aweza kutuma pampu ya maji, ikiwa anayo. Asubuhi hawezi kuituma.

Mimi nilijifunza kazi hii nikiwa nimepita umri wa miaka arobaini, na sikujifunza kwa hiari. Macho ya mama yalianza kuingiwa na ukungu, na mwaka mmoja alinipigia simu likizo ndefu ikianza, akasema kwa utulivu kwamba haoni tena pazia la ua. Hakuniomba nije. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya mbono, na mikono yake iko juu, inapapasa vishada.

"Mawe," nikamwambia, "niachie mimi."

"Shika ua kwa mkono wa kushoto," akasema, "mgongo wake ulale juu ya vidole vyako. Usilibane. Si la kwako bado."

Kijiti chake kilikuwa ubapa wa mwanzi uliochongwa kama sindano ya mkeka, umelainika kwa miaka. Kwa kijiti hicho hupasuliwa mdomo wa ua, kisha huingizwa chini ya pazia na kuliinua, na hapo kidole gumba cha mkono wa kushoto husukuma sehemu ya kiume ilale juu ya ya kike. Ukiusikia unga umenata, umekwisha. Kuandika ni rahisi. Siku ya kwanza nilishughulika na maua ishirini. Vidole vyangu vilizoea kalamu na vibonyezo vya kompyuta, si kitu kinachochubuka kwa kutazamwa. Maji ya shina yalinidondokea mkononi yakaniwasha mpaka jioni. Kesho yake asubuhi kumi na saba yalikuwa chini, maana ua lililoshika hubaki limening'inia na kunyauka mahali pake, na lisiloshika hudondoka. Mama aliyaokota kwa kupapasa, akayahesabu katika kanga yake. "Matatu yameshika," akasema. "Baba yako siku ya kwanza alipata mawili."

Sikujua kama alinifariji au alinikumbusha. Yamkini yote mawili.

Alinifundisha pia kutooza kila ua. Kishada kikichukua zaidi ya matunda manane au kumi, mmea huchoka na kuchelewa kupona. Na katika kuchagua, ayaache yale ya upande wa juu, achukue ya upande wa chini, ili tunda lininginie limenyooka. Matunda hukaa juu ya mmea kiasi cha miezi tisa kabla ya kukomaa. Mama hakuacha kunitajia idadi hiyo kwa tabasamu.

Miezi tisa ni muda mrefu mno katika nchi yenye wezi. Mwezi Machi 2017 kimbunga kingine, Enawo, kiliipiga Bukini, na bei iliyokuwa imekwisha kuanza kupanda ikaruka tena. Mwaka 2018 kilo ya vanila kavu ilipita dola 500. Ndipo ule mtambazi wa nyuma ya jiko, uliokuwa umezaa kimya kimya miaka yote hiyo bila mtu kuutazama mara mbili, ukawa mali. Mama, ambaye kwa vipande alivyokata mwenyewe alikuwa amekwisha kuvisha miti thelathini ya mbono, alianza kulala barazani na panga ubavuni. Kwa sindano nne alizozichoma katika kizibo cha chupa, alitoboa alama yake juu ya kila tunda likiwa bado kijani. Kovu hilo halifutiki hata tunda likikauka, na wakulima wa Bukini hufanya hivyo hivyo. Hata hivyo usiku mmoja waliingia wakachuma nusu. Tena walichuma mabichi, miezi mitatu kabla ya wakati, ambayo harufu yake bado ni kidogo na thamani yake ni ndogo. Kilichomuuma mama si fedha. "Watu wa hapa hapa," alisema, "nimewazika wazazi wao." Kisha akaongeza kwamba katika maisha yake yote hajapata kulinda ndizi usiku.

Mavuno yaliyosalia tulijaribu mwaka huo kuyakausha wenyewe, kwa sababu kilo moja ya kavu hutoka katika kilo sita hivi za mbichi, nasi tulidhani ujanja uko katika kukausha. Huchovywa katika maji ya moto ya kiasi cha nyuzi 65 kwa dakika tatu, hufungwa katika mablanketi yatoe jasho, huanikwa juani saa chache kila siku na kufungwa tena, kisha hukaushwa kivulini taratibu na kuwekwa sandukuni miezi. Mvua ya ziwa haikutupa hizo saa chache. Sehemu iliota ukungu. Iliyosalimika ikawa nyeusi, nyororo, na harufu yake imo katika kabati la mama mpaka leo. Tangu hapo tunauza mbichi.

Bei imeshuka tena. Serikali ya Bukini iliweka mwaka 2020 kima cha chini cha dola 250 kwa kilo ya kupelekwa nje, ikashindwa kukishikilia, ikakiondoa mwaka 2023, na soko likaanguka. Walakini habari za kuanguka hazisafiri upesi kama habari za kupanda. Mtoto wa kaka yangu, kijana mwenye bidii, aliyerithi upande wa chini wa kibanja ambao kaka alipanda tena kahawa baada ya mwaka 2006, alinitumia katika simu maneno aliyoyapata kwa watu: kwamba kilo ya vanila huuzwa shilingi milioni moja, kwamba atakayeanza sasa atatajirika. Chini yake aliandika: "Shangazi, wewe ni msomi, nishauri. Nikate mibuni?"

Nilianza jibu mara mbili nikalifuta. Lilikuwa linakuja kwa Kiswahili safi, hoja moja baada ya nyingine. Mwishowe nilimwandikia kuwa asikate kitu mpaka Septemba, nitakuja.

Nilipokwenda nilichukua ile barua. Tulifanya kazi pamoja asubuhi nne, yeye upande huu wa mbono na mimi upande ule, na mama kwenye kigoda chake akitusikiliza. Husema aweza kujua kwa sauti kama mtu amelibana ua. Kijana ana mkono mwepesi kuliko wangu. Asubuhi ya tatu mama alimwuliza ni mibuni mingapi anayofikiria kukata. Akasema sitini. Jioni hiyo nilimpa barua aisome. Aliisoma yote, akaigeuza, akaisoma ile hesabu ya nyuma, akaniuliza mwandiko huo ni wa nani. Nikamwambia. Akaikunja kama ilivyokuwa imekunjwa, mara nne, akanirudishia, akatoka nje kuzifungia mbuzi.

Hatukulizungumza tena jambo hilo. Asubuhi ya nne tulikwenda kuangalia kazi ya jana. Kati ya maua thelathini na moja aliyoyaoza yeye, ishirini na sita yalikuwa yameshika. Kati ya ishirini na tisa yangu, kumi na manane. Tulimtajia mama idadi hizo, naye akasema tumshike mkono tumfikishe kwenye vishada, ahesabu mwenyewe.